Mwongozo kamili wa kuangalia mashindano ya ngoma za Wasukuma ukiwa mgeni Mwanza

Mgeni anayefika Mwanza na kuuliza wapi ataona maonyesho ya sanaa huelekezwa kwenye bendi za hotelini au usiku wa vichekesho ukumbini. Hivyo vipo na vina watu wake. Lakini onyesho kubwa kuliko yote huku Kanda ya Ziwa halifanyiki ukumbini, halina pazia wala viti vya namba. Hufanyika uwanjani, mchana kweupe, kwenye vumbi la kiangazi. Vikundi viwili vya ngoma vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, vikigombea watu wale wale. Kinachovuta umati mkubwa ndicho kinachoshinda.

Maana yake ni kwamba mtazamaji ndiye hakimu, na kura yake ni miguu yake. Shika hilo kabla ya yote, kwa sababu wageni wengi hufika, wakatafuta kivuli, wakakaa hapo hapo mpaka jioni, kisha wakaondoka wakidhani wameona ngoma. Wameona nusu yake.

Hatua ya kwanza: jua wanaoshindana ni akina nani

Wachezaji wa ngoma Usukumani wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu. Masimulizi yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana ni nani mwenye dawa kali zaidi. Ubishi huo ukapelekwa uwanjani: kila mmoja na wafuasi wake wacheze, watu waachwe waende wanakotaka, na dawa ya mwenye umati ndiyo kali. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu, na ushindani huo haujaisha hadi leo. Kuna familia ambazo ni za Wagika tangu babu, na kuna vijiji ambavyo ukisifia Wagalu utaangaliwa vibaya. Mgeni huna upande, na hiyo ni raha yako: unaweza kuhama bila kumkosea mtu.

Ndani ya vyama hivyo kuna ngoma za aina nyingi, na ni vizuri kuzitambua ukiziona.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Ilizaliwa shambani, kwenye vikundi vya vijana waliolima kwa zamu mashamba ya watu huku wakipigiwa ngoma. Ngoma zake ni kubwa na mlio wake unausikia tumboni kabla hujaufikia uwanja. Ikishakolea, angalia mikono. Mchezaji hurusha jembe juu, likajizungusha hewani likiwa na mpini wake, naye hulidaka bila kupoteza hatua, kisha wote kwa pamoja huinama kama wanaopiga tuta. Anayelirusha vizuri halifuati jembe kwa macho, anaangalia watu. Mimi humpima mchezaji wa Bugobogobo kwa hilo tu.

Bugoyangi ni ngoma ya nyoka. Wenyewe wanaitwa Bayeye, chama cha wakamataji wa nyoka ambao pia ni waganga wa sumu ya nyoka. Chatu hutolewa kwenye gunia au sanduku wakati umati umeanza kulegea, na hapo utaona jinsi watu wanavyokimbia kuondoka halafu wakarudi wote kwa mkupuo. Bununguli ni ya wawindaji wa nungunungu. Wigashe huimbwa wachezaji wakiwa wameketi, na wageni wengi huipita wakidhani ni mapumziko. Usiipite. Uzito wake uko kwenye maneno na sauti, na ndiyo ngoma nzuri kuliko zote kwa mtu aliyechoka kusimama.

Hatua ya pili: panga tarehe

Msimu wa mbina, kama ngoma zinavyoitwa huku, ni kiangazi: Juni, Julai na Agosti. Sababu ni ya kilimo. Mahindi na mpunga vimeshatoka shambani, pamba inauzwa, watu wana nafasi na wana hela. Novemba, mvua zikishaanza, mchezaji yuko shambani na jembe lake linafanya kazi yake nyingine.

Tukio kubwa la msimu ni Bulabo, pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Limefungamana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya Wakatoliki: kuna maandamano ya ibada, maua yanatandazwa njiani, kisha zinafuata siku kadhaa za mashindano ya ngoma. Kwa kuwa sikukuu hiyo hufuata Pasaka, tarehe yake hubadilika kila mwaka. Parokia nyingi huiadhimisha Jumapili, basi chukua Jumapili ya Pasaka uhesabu wiki tisa mbele. Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili, hivyo Jumapili hiyo inaangukia 7 Juni. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi, nayo inaangukia 30 Mei.

Hesabu hiyo inakupa wiki ya kuanzia kuulizia, haikupi ratiba. Siku za mashindano zinaweza kusogezwa mbele, na uwanja unaweza kuwa Bujora kwenyewe au viwanja vya Red Cross pale Kisesa. Piga simu Makumbusho ya Bujora, yanayotunza utamaduni wa Wasukuma, mwezi mmoja kabla, kisha piga tena wiki ya safari. Ukiwa na ndugu au rafiki Kisesa au Magu, mtumie huyo, kwa sababu atasikia gari la matangazo likipita mtaani kabla habari haijakufikia wewe. Ukisikia kiongozi mkubwa wa serikali anakuja, jua siku hiyo umati utakuwa mkubwa zaidi, ulinzi utakuwa mkali, na ngoma zitakatizwa kwa hotuba. Kisesa ndipo Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa uchifu na machifu mwezi Septemba 2021 na kupewa jina la Hangaya, na tangu hapo matamasha ya utamaduni ya hapo yamepata sura ya kitaifa. Mimi ningechagua siku ya katikati ya wiki, isiyo na mgeni rasmi. Vikundi vinacheza kwa ajili ya kushindana, na muda wote ni wao.

Ukikosa Bulabo, kuna Nane Nane. Maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Ziwa Magharibi huko Mwanza hufanyika viwanja vya Nyamhongolo, Ilemela, siku za kwanza za Agosti hadi tarehe 8, na vikundi vya ngoma huwa havikosi. Pale ngoma ni kionjo katikati ya mabanda ya mbegu na matrekta, hivyo hupati ushindani wa kweli, ila kwa mwenye siku moja tu mjini panafaa.

Hatua ya tatu: usafiri na pa kulala

Kisesa iko kama kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kwenye barabara ya Musoma, wilaya ya Magu. Ukiwa mjini, panda daladala za Kisesa zinazopita barabara ya Nyerere. Shuka Kisesa senta, kisha bodaboda ikupandishe Bujora. Si mbali, na mwenye miguu mizuri anatembea. Kubaliana bei na bodaboda kabla hujapanda, maana siku za Bulabo nauli hupanda na ubishi huwa mkubwa mkishafika.

Anayetoka Musoma, Bunda au Magu hana haja ya kuingia jijini kwanza. Basi linapita Kisesa. Mwambie konda mapema akushushe hapo. Anayetoka Dar es Salaam au Shinyanga kwa kawaida hushukia stendi ya Nyegezi, upande mwingine kabisa wa jiji, basi ajipe muda wa kuvuka mji, hasa jioni. Wa Geita na Sengerema wameondolewa mzigo mkubwa: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na ile foleni ya kivuko iliyokula nusu siku haipo tena. Wa Ukerewe wana njia mbili, meli ya kutoka Nansio hadi bandari ya Mwanza, au kivuko cha Rugezi na Kisorya kisha barabara ya Bunda. Kama uwanja ndio unaoufuata na huna shughuli mjini, njia ya Bunda inakufikisha Kisesa moja kwa moja.

Kuhusu kulala, gesti za Kisesa na Igoma hujaa mapema wakati wa tamasha. Bujora kwenyewe pana malazi ya wageni. Ulizia kwenye simu ile ile unayoulizia ratiba. Anayependa ziwa na chakula kizuri cha jioni alale mjini na kwenda kila siku. Anayetaka kusikia vikundi vikifanya mazoezi jioni, na wachezaji wakibishana nje ya duka kuhusu nani alishinda, alale Kisesa. Sina shaka ni ipi bora.

Hatua ya nne: vya kubeba

Viatu vilivyofungwa, kwa sababu vumbi na kwa sababu utakanyagwa. Kofia. Maji ya kutosha. Leso au kitambaa cha kufunika pua ngoma zikianza kutimua uwanja. Sweta jepesi la jioni, maana upepo wa kiangazi jua likishazama si wa mchezo. Noti ndogo ndogo, nyingi kadiri uwezavyo, na uzibadilishe mjini, kwani huko kila mtu anazitafuta hizo hizo. Simu na pochi viwe mfuko wa mbele. Vibaka wanajua kwamba chatu akitoka hakuna anayekumbuka mfuko wake.

Chakula usibebe. Kula cha hapo: kuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ambavyo vikitafunwa pamoja na karanga vinakuvusha mchana mzima. Kuna na samaki wa kukaanga, na kina mama wenye ugali kandokando ya uwanja.

Hatua ya tano: pitia makumbusho kabla ya ngoma

Ngoma hukolea alasiri. Asubuhi ni ya makumbusho, na nakuomba usiiruke. Mahali hapa palianzishwa miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Wakati wengine walihubiri kwamba ngoma ni ya shetani, yeye alikusanya vifaa vyake na kuvitunza. Kanisa la Bujora ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na alama za utawala wa machifu zimeingizwa ndani yake. Banda la machifu limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Humo utaona ngoma za kifalme, zile ambazo hazikupigwa kwa starehe.

Kilicho muhimu zaidi kwa safari yako ni jengo la vyama vya ngoma, lenye vifaa vya Wagika na vya Wagalu. Mwombe mwongoza wageni akuonyeshe sanamu za mbao za mashindanoni. Hizi zilitengenezwa ili zitolewe ghafla uwanjani, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa, kwa lengo moja tu: kumhamisha mtazamaji kutoka upande wa pili. Ukishaiona sanamu kwa utulivu asubuhi, mchana utaelewa kwa nini kikundi kilichokuwa kimya kinafunua kitu chini ya turubai.

Muulize pia huyo mwongozaji kama anamjua kijana au mzee atakayekaa nawe uwanjani kukutafsiria nyimbo. Hii ndiyo hela bora utakayotumia siku nzima. Nyimbo ni za Kisukuma, na utamu wake uko kwenye maneno: manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, anamsifu mwalimu wake, anajitapa, anamsema mpinzani, anamsema mwenye mali asiyetoa, anagusa bei ya pamba. Bila mtu wa kukunong'oneza utaona watu elfu wanaangua kicheko na wewe umesimama.

Hatua ya sita: ukiwa uwanjani

Salimia kwanza. Asubuhi sema "Mwangaluka", mchana "Mwadila". Mama mtu mzima umwite mayu, mzee umwite baba. Ukijibiwa na kuulizwa "Mhola?", jibu "Mhola". Ukipewa kiti au nafasi, "Wabeja". Kwa maneno hayo machache utasogezwa mbele na watu usiowajua.

Kisha usisimame. Zunguka uwanja mzima mara moja kabla ngoma hazijaanza: pande zote mbili ziko wapi, jua linashuka wapi, njia ya kutokea iko wapi, choo kiko wapi. Jua la alasiri likiwa mgongoni mwako utaona vizuri na picha zako zitatoka.

Zikianza, nenda upande mmoja ukae nao kwa muda wa kutosha kuelewa manju anakwenda wapi. Vikundi vizuri havimalizi akiba mapema. Vinaanza na nyimbo za kutambulishana, njuga zinajipanga, filimbi ya kiongozi inasahihisha mistari. Wengi huondoka hapo wakiona pamepoa. Wewe vumilia, lakini sikio lako liwe upande wa pili. Ukisikia kelele za watu zimepanda ghafla huko, geuka uangalie umati wa upande wako: kama watoto wameanza kukimbia, nenda nao. Watoto ndio wanaojua kwanza, na wao ndio wanaokaa chini mstari wa mbele kila upande.

Kuhama si utovu wa adabu. Ndiyo namna ya kupiga kura, na kikundi kilichokimbiwa hakikasiriki, kinajibu. Kuna wakati utaona uwanja wote umeegemea kushoto, kulia wamebaki wapiga ngoma na ndugu zao, halafu manju wa kulia anaanza wimbo mmoja tu, sauti peke yake, na watu wanaanza kurudi mmoja mmoja. Hapo ndipo ujue umekuja mahali pake. Tahadhari moja: watu wakihama kwa kukimbia usisimame njiani kupiga picha, na mtoto mdogo abebwe.

Kwenye ngoma ya jembe, acha nafasi kati yako na mstari wa wachezaji. Majembe ni ya kweli. Kwenye nyoka, usimguse wala usimkaribie hata ukialikwa na mtu wa pembeni. Mwaliko wa mchezaji mwenyewe ndio mwaliko, na bado una haki ya kukataa.

Kuhusu dawa: utasikia ikitajwa, na utaona watu wamejipaka au wamevaa vitu. Dawa ya mvuto, ambayo wenyewe huiita samba, ni sehemu ya mchezo huu tangu Ngika na Gumha. Uamini usiamini, usicheke na usishike kifaa cha mtu. Mchezaji akikukataza kupita sehemu fulani, zunguka.

Kutunza na kupiga picha

Ukimpenda mchezaji, mtunze. Subiri wimbo ufike kwenye kiitikio, ingia kwa hatua ya ngoma kama unaweza, mpe noti mkononi au iweke walipoonyesha, utoke. Usirushe hela chini na usiwape watoto wagombanie. Ukitaka kutunza kikundi kizima, mpe kiongozi, wenzake wakiona.

Picha za umati wa jumla hazina shida. Kumpiga picha mtu mmoja kwa karibu, au kurekodi wimbo mzima, omba ruhusa. Nyimbo hizi ni kazi ya mtunzi aliye hai, amesimama mbele yako, na mara nyingi anaziuza. Ukitaka kurekodi kwa kazi ya kulipwa, maliza mazungumzo na uongozi wa kikundi asubuhi, mwafaka uandikwe. Nimeona mabishano ya namna hiyo yakisimamisha ngoma, na aliyeumia ni kila aliyekuwa uwanjani.

Hatua ya saba: kurudi

Giza huingia karibu saa moja usiku, na raundi tamu kuliko zote huwa ni ya mwisho. Huwezi kuipata na bado ukawahi daladala kwa raha. Basi amua mapema: ama umepanga chumba Kisesa, ama una dereva wa bajaji au teksi mliyeelewana saa na mahali pa kukutana, na umechukua namba yake. Kukaa ukitegemea bahati ya usafiri kutakufanya uangalie saa badala ya ngoma. Matokeo hutangazwa mwishoni na ubishi huanza hapo hapo. Ukipata nafasi ya kusikiliza wazee wakichambua kwa nini upande mmoja umezidiwa, usiwahi kuondoka.

Ukifika nje ya msimu

Makumbusho ya Bujora yako wazi kwa wageni hata nje ya tamasha, na inawezekana kuombewa kikundi kikuchezee kwa mpango maalumu. Fanya mpango huo siku kadhaa kabla na ofisi ya makumbusho, sio na mtu aliyekufuata stendi. Kubalianeni mambo manne: wachezaji wangapi, ngoma zipi, muda gani, na malipo yanapokelewa na nani. Omba ngoma mbili kwa urefu wake, kuliko sita za dakika tano tano. Na kama mko kundi la watu wengi, uliza kama vinaweza kuletwa vikundi viwili, cha Wagika na cha Wagalu, vicheze pamoja. Gharama itaongezeka. Lakini hapo mtakuwa na pa kuhamia.